Tuonyeshwe pia wakulima walionyimwa fidia ya ukame

Mhariri,

Kila inapotoka orodha ya malipo ya maafa kwa mashamba ya Marekani, watu hukimbilia majina ya juu kuona nani kavuna dola nyingi kuliko wote katika kaunti yake. Hasira yao naielewa, maana hiyo ni kodi ya wananchi. Mimi nawatafuta wasiokuwamo kabisa, na hao hakuna anayewaandika.

Chukua mpango wa fidia ya malisho, uliofanywa wa kudumu na sheria ya kilimo ya 2014. Nyasi kukauka peke yake hakutoshi. Lazima ramani ya ukame, inayotolewa kila Alhamisi, iwe imeipaka kaunti rangi ya ukame mkali. Sheria ile ilitaka rangi hiyo idumu wiki 8 mfululizo. Ikigusa hata pembe moja, kaunti nzima inahesabiwa. Jirani aliye ng'ambo tu ya mpaka, ambaye ng'ombe wake wanalamba vumbi lile lile, hana lake. Hata hivyo ramani siilaumu sana. Kukagua shamba moja moja kungechukua miezi, na mifugo haingojei.

Linaloniuma ni karatasi. Mfugaji anatakiwa athibitishe kwamba malisho ni yake au ameyakodi. Aliyekodi kwa maneno tu, akalipa taslimu mwaka baada ya mwaka, ataonyesha nini? Mifugo ikifa kwa tufani ya theluji, serikali hulipa asilimia 75 ya bei ya soko, lakini mwenye mifugo aje na ushahidi: picha, stakabadhi, rekodi za daktari wa mifugo. Hebu mfikirie mtu aliyekesha akichimbua theluji kuokoa ndama, halafu kukicha anazunguka na simu kupiga picha mizoga kabla haijafukiwa, kwa sababu bila ushahidi hakuna malipo. Na asiyejua kwamba ushahidi unahitajika? Huyo ameshafukia.

Wapo pia Wamarekani weusi wengi wa majimbo ya Kusini wanaolima ardhi ya urithi isiyo na hati, kwa kuwa babu hakuacha wosia. Bila hati hukupata namba ya shamba, ambayo ofisi ya kilimo hukusajili nayo, na bila namba milango ya misaada mingi ilifungwa. Mpaka 2018 ndipo sheria ikakubali vielelezo vingine. Nani atahesabu maafa yaliyowapita kabla ya hapo bila senti moja?

Wakati huohuo, kikomo cha dola 125,000 kwa mwaka katika mpango wa malisho ni cha mtu mmoja. Shamba la ubia lenye wabia kadhaa huhesabiwa kila mbia na kikomo chake, na wenye mashamba ya namna hiyo hawakosi mhasibu wa kuwapangia karatasi.

Ofisi ya kilimo katika kaunti ina kamati inayochaguliwa na wakulima wenyewe. Kamati hizo zidai kwamba kila malipo yanapotangazwa itangazwe pia idadi ya walioomba, waliokataliwa, na karatasi iliyowakwamisha. Majina si lazima. Tena baada ya kila janga awepo ofisa wa kuwafuata wakulima walipo na kuwasaidia kujaza fomu kabla muda haujapita. Gazeti lako litakapoandika tena juu ya mamilioni yaliyolipwa, naomba liulize ni wangapi walirudishwa mlangoni.

Msomaji wako