Vidonge vya formalini kabatini havitoshi

Mhariri,

Ni muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, naishi Igoma, Mwanza. Hivi karibuni nilimsindikiza mdogo wangu kwenye zahanati moja, sitaitaja, nikaona kikabati cha kioo kimejaa mipira ya kunyonyea makohozi na mikasi, na vidonge vya formalini, dawa itoayo mvuke wa kuua vijidudu, chini yake. Nikauliza vimekaa humo tangu lini. “Tangu asubuhi, mama.” Harufu yake ilikuwa inawasha macho!

Mvuke wa formalini unaua vijidudu, sikatai. Lakini unataka joto, unyevu na muda, na ndani ya mpira mwembamba hupenya kwa shida. Wanaoutumia sawasawa huuchanganya na mvuke wa maji katika mashine maalumu, kwenye nyuzi 60 hadi 80. Kabati la kioo litayatoa wapi hayo? Isitoshe, formaldehaidi, yaani gesi inayotoka kwenye vidonge hivyo, inasababisha saratani, na anayeivuta kila siku ni muuguzi.

Mikasi ya chuma haihitaji gesi yoyote. Otoklevu, yaani chungu cha mvuke wa maji wenye shinikizo, nyuzi 121, dakika 15 au zaidi; hata ile ya kuweka juu ya jiko inafaa umeme ukikatika. Vya plastiki visivyostahimili joto ndivyo vitafutiwe mvuke wa haidrojeni peroksaidi, ambao huishia kuwa maji na oksijeni. Ila usivifunge kwa pamba au karatasi, huunyonya mvuke huo.

Na damu iliyoganda huvikinga vijidudu dhidi ya mvuke wa aina yoyote. Wakaguzi wakija, waanze na karo na brashi za kuoshea vifaa kabla ya kuuliza leseni.

Muuguzi mstaafu,
Igoma, Mwanza