Usonji: na baba naye aulizwe

Mhariri,

Mwanangu ana miaka saba. Hupanga vizibo vya soda ukutani, vyekundu peke yake, vya kijani peke yake, na ukisogeza kimoja atalia mpaka magharibi. Ana usonji, yaani autism, hali ya ubongo kukua kwa namna ya tofauti. Tangu tuambiwe, kila mgeni anamgeukia mke wangu: ulikula nini mimba ikiwa changa? Ulimkosea nani? Mimi niliyempata mtoto huyu nikiwa na miaka 48 sijaulizwa neno.

Nimekaa nikasoma, na kilichoandikwa hakifanani na maswali hayo. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya milioni mbili katika nchi tano, zikiwemo Sweden na Denmark, ulikadiria kuwa asilimia 80 hivi ya tofauti ya nani anapata usonji na nani hapati inatokana na vinasaba. Vingine mtoto anarithi. Vingine ni mabadiliko mapya kabisa, mama hana, baba hana, yamezuka mbegu ikitengenezwa. Mwanamume hutengeneza mbegu mpaka uzeeni, na kila vinasaba vinaponakiliwa kosa laweza kupenya. Watafiti wa Iceland walionyesha mwaka 2012 kwamba kila mwaka unaoongezeka kwenye umri wa baba humletea mtoto mabadiliko mapya kama mawili zaidi. Mengi hayadhuru, na wazee wengi huzaa watoto wasio na usonji. Ila basi, kwa nini anayehojiwa awe mama peke yake?

Mazingira nayo yanachunguzwa. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard, Marekani, waliona uhusiano kati ya usonji na chembe laini za hewa chafu ambazo mama alizivuta miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito. Uhusiano si uthibitisho, nakubali. Lakini hapa mtaani kila jioni watu wanachoma mifuko na chupa za plastiki, moshi mweusi unaingia madirishani, na wajawazito wamo ndani wanapika. Wahame waende wapi? Moshi ule unaumiza mapafu ya kila mtoto, mwenye usonji na asiye nao. Serikali ya mtaa tumeifuata mara tatu; jalala bado linawaka.

Naomba ukurasa wenu wa afya uandike haya kwa lugha ya nyumbani, wanaume wasome.

Jumamosi shangazi alikuja kutoka Muheza na swali lile lile, mke wangu akainamisha kichwa. Nikamwambia, "Shangazi, niulize mimi."

Mzazi,
Tabata, Dar es Salaam