Kwa nini kanopi ya Hilux ya zamani haikai kwenye Hilux mpya

Ni mara chache wiki kupita bila mteja kufika kwenye karakana yetu hapa Arusha na kanopi (kifuniko kigumu cha bodi ya nyuma), turubai au keria aliyoivua kwenye pikapu yake ya zamani, akitaka tuifunge kwenye pikapu mpya yenye jina lilelile. Hoja yake huwa nyepesi: ile ilikuwa Hilux na hii ni Hilux, zote ni dabo kebini, yaani zenye milango minne na siti za nyuma, zote ni za tani moja, kwa hiyo kifaa kinapaswa kuingia. Tunaielewa hoja hiyo, kwa kuwa kanopi nzuri inagharimu fedha nyingi, na mtu aliyeitunza kwa miaka 15 ana kila sababu ya kutaka kuendelea kuitumia. Hata hivyo, jina limebaki lakini gari limebadilika, na tunaona ni wajibu wetu kueleza limebadilika vipi, kwa sababu jambo hili linagusa pia mzigo unaoubeba, banda unaloegeshea na geti unalopitia kila jioni.

Hilux ya kwanza ilitoka mwaka 1968, ikiundwa katika kiwanda cha Hino huko Hamura, Japani. Ilikuwa na urefu wa mita 4.2 na kidogo, upana wa mita 1.58, injini ya cc 1,490, na kebini moja yenye siti ndefu ya watu watatu. Hilux iliyotoka mwaka 2015, ambayo wengi tunaiita Revo, ina urefu wa takribani mita 5.33 na upana wa mita 1.855 ikiwa ni ya kebini mbili, na hapo vioo vya pembeni havijahesabiwa. Ukivihesabu, upana unapita mita 2. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa mita 2.5, na sasa ni mita 3.085. Kwa maneno mengine, gari limeongezeka urefu kwa zaidi ya mita moja na upana kwa sentimita 27, na uzito wake, ambao hapo mwanzo ulikuwa karibu na tani moja, leo umepita tani 2 kwa zile za magurudumu manne yenye injini ya lita 2.8.

Ukuaji huo haukwenda hatua kwa hatua kama mtoto anavyopimwa kliniki. Kwa muda mrefu ulizuiwa na sheria ya Japani yenyewe, ambayo inaligawa gari katika daraja dogo au kubwa kwa vipimo: likipita urefu wa mita 4.7, upana wa mita 1.7 au kimo cha mita 2, linatoka daraja dogo. Ndiyo maana zile Hilux za zamani zenye namba ya modeli LN106, ambazo bado tunaziona zikishuka na magunia kutoka Karatu na Mbulu, zina upana wa mita 1.69 tu. Mhandisi alikuwa amefika ukutani. Baadhi ya matoleo mapana ya kizazi kilichoanza mwaka 1997 yaliuvuka ukuta huo, lakini ulivunjika kabisa mwaka 2004, ilipokuja Hilux tunayoijua kwa jina la Vigo. Toyota ilikuwa imeamua kuunda chasi moja ambayo ingetumika kwa pikapu na magari mengine ya familia katika nchi nyingi, na kazi kubwa ya uzalishaji ikahamia Thailand. Gari halikulazimika tena kutoshea katika vipimo vya usajili wa Japani, na mwaka huohuo Hilux ikaacha kuuzwa katika nchi ilikozaliwa. Iliporudi huko mwaka 2017, ilirudi ikiagizwa kutoka Thailand, tena ikisajiliwa katika daraja kubwa la magari ya mizigo.

Sababu nyingine zinafahamika kwa yeyote anayeendesha pikapu ya leo. Gari lililokuwa la shamba na la saiti limekuwa pia gari la kupeleka watoto shule, na mtu mzima anayekaa siti ya nyuma kutoka Arusha hadi Dodoma anahitaji nafasi ya magoti na mgongo wa siti uliolala kidogo. Milango imenenepa kwa sababu ndani yake kuna vyuma vya kuzuia kugongwa ubavuni, na pua imerefuka kwa sababu sehemu ya mbele inatakiwa ikunjane taratibu ajali inapotokea, badala ya kuusukuma usukani kifuani mwa dereva. Injini za dizeli zenye tabo nazo zinahitaji rejeta kubwa na kipoza hewa chake. Kwa upande wetu, unene uliotokana na usalama tunauona ni wa haki kabisa. Kimo cha kingo za bodi ndicho kinachotusikitisha, kwa sababu vijana wanaopakia mahindi sasa wanaliinua gunia hadi kifuani kabla halijavuka ukingo, na mgongo wa mtu haujabadilika tangu 1968.

Hilux haiko peke yake. Ford Ranger iliyoanza kuuzwa Marekani kama modeli ya 1983 ilikuwa na upana wa takribani mita 1.7, na ile iliyoanza kuuzwa mwaka 2022 imefikia mita 1.918, waundaji wake waliongeza milimita 50 kati ya magurudumu ya kushoto na kulia, na milimita nyingine 50 kati ya ekseli mbili. Mitsubishi L200 ya mwaka 2023 imerefushwa milimita 130 kati ya ekseli. Wapo pia waliokwenda kinyume: Nissan Navara ya mwaka 2014 ilipunguzwa umbali wa ekseli kutoka mita 3.2 hadi mita 3.15, kwa hiyo kanopi ya Navara inaweza kukusumbua kwa sababu iliyo kinyume kabisa na ya Hilux.

Sasa tuje kwenye bodi ya nyuma, kwa sababu hapo ndipo wateja wengi hushangaa. Mtu akiambiwa gari limeongezeka mita nzima, anatarajia bodi nayo iwe imerefuka vivyo hivyo. Sivyo. Sehemu kubwa ya urefu huo imechukuliwa na kebini na pua, na bodi ya dabo kebini ya leo ina urefu wa takribani mita moja na nusu kwa ndani. Godoro la futi sita halilali humo mlango wa nyuma ukiwa umefungwa. Anayehitaji bodi ndefu bado analazimika kununua singo kebini, ambayo bodi yake inakaribia mita 2.3. Kilichoongezeka kwenye dabo kebini ni upana zaidi ya urefu, na hata upana huo una masharti yake: kipimo kinachotawala mzigo mgumu ni nafasi iliyopo kati ya uvimbe wa madigadi (vifuniko vya magurudumu) mawili yanayochomoza ndani ya bodi, na kwenye Hilux nafasi hiyo haifiki mita 1.22, yaani futi nne. Kwa hiyo shiti ya plaiwudi yenye upana wa futi nne hailali sakafuni, bali inapanda juu ya madigadi. Ranger ya 2022 ilipanuliwa makusudi ili paleti yenye upana wa mita 1.2 iingie katikati ya madigadi, na kwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hilo ni jambo kubwa kuliko sentimita zote zilizoongezwa mbele.

Mwaka jana alitufikia mzee mmoja, mkulima wa ngano na maharage, akiwa na kanopi ya chuma aliyoivua kwenye LN106 yake baada ya kununua Revo. Tuliinyanyua watu wanne na kuiweka. Upande wa kushoto ulikaa vizuri juu ya ukingo wa bodi, lakini upande wa kulia ulibaki ukining'inia ndani, na kati ya chuma cha kanopi na ukingo wa bodi nafasi ilitosha kuingiza kiganja kizima kilichonyooshwa. Mbele, pale kanopi inapopaswa kuegemea kebini, kulikuwa na mwanya ambao vumbi na mvua vingeingia bila kizuizi, na paa lake lilikuwa chini kuliko paa la kebini. Mzee alizunguka gari mara mbili, akagusa kona ya chuma, kisha akauliza: "Kijana wangu, si mkate hapo katikati muongeze kipande?" Tukamjibu: "Mzee wetu, inawezekana, lakini tutaunga paa mahali ambapo maji yanatulia, tutaunga mbele na nyuma, na mwisho utakuwa umelipa karibu sawa na kanopi mpya huku ukibaki na mshono utakaovuja masika ya kwanza." Alikubali tutengeneze mpya, tukamwokolea vioo vya pembeni vya kuteleza, vitasa na bawaba, ambavyo vilikuwa vizima, na bei ikapungua kwa kiasi alichokifurahia. Ingekuwa ya faiba, hata swali la kukata lisingekuwepo.

Jambo la pili ambalo hatuchoki kuwaeleza wateja ni uzito. Gari limekua, lakini bado linaitwa la tani moja, na tani hiyo inahesabu kila kitu unachokiongeza: abiria, kanopi, keria, bampa ya chuma na tairi la akiba la pili. Chukua watu watano wenye wastani wa kilo 75. Hao peke yao ni kilo 375. Ongeza kanopi ya chuma yenye kilo 100 na bampa nzito yenye kilo 60, na zaidi ya nusu ya tani imekwisha kabla hujapakia hata gunia moja. Gari linaonekana kubwa na lenye nguvu, kwa hiyo dereva hahisi kwamba amezidisha, mpaka springi zikalie na taa za mbele ziangaze matawi ya miti. Kwa sababu hiyo, mteja anayebeba mizigo mizito kila siku tunamshauri achukue fremu nyepesi ya mabomba yenye turubai, hata kama kanopi ya chuma ingetupatia faida zaidi.

Kuhusu mabanda na mageti, ushauri wetu ni mfupi. Banda la mita 5 lililojengwa wakati nyumba ina Hilux ya miaka ya tisini haliifuniki Revo; mlango wa nyuma wa bodi utabaki juani na mvuani, nao ukifunguliwa unahitaji nafasi zaidi. Tunapojenga banda jipya tunaanzia mita 6 kwa urefu na mita 3 kwa upana, ili milango ifunguke bila kugonga nguzo.

Tunakiri kwamba nasi tuliwahi kukosea. Mteja wa mbali alituagizia turubai kwa simu, akasema tu "la Hilux dabo kebini", nasi tukakata kwa kufuata patani ya Vigo tuliyokuwa nayo ukutani. Gari lilikuwa Revo. Turubai lilipofika halikufikia ndoano za upande mmoja, na tulilishona upya kwa gharama yetu. Tangu siku hiyo hatukati kitambaa wala chuma kwa kutegemea jina la gari.

Kwa hiyo, ukitaka tukufanyie kazi, tunaomba ulete gari lenyewe. Upimaji ni bure na unachukua kama nusu saa. Kama uko mbali, piga picha ya kadi ya gari au ya kibati kinachoonyesha namba ya modeli, kisha tumia futi kamba kupima mambo manne: urefu wa bodi kwa ndani mlango wa nyuma ukiwa umefungwa, upana kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje, upana kati ya madigadi mawili, na kimo kutoka juu ya ukingo wa bodi hadi juu ya paa la kebini. Pima upana mara mbili, karibu na kebini na karibu na mlango wa nyuma, kwa sababu bodi iliyowahi kugongwa huwa imejikunja bila mwenye gari kufahamu, na kanopi iliyonyooka haiwezi kukaa juu ya bodi iliyopinda.