Barua kwa mwanangu aliyeko Unguja

Wete, Pemba

Mwanangu,

Assalaamu alaykum. Sisi wazima, kifua cha baba yako kimetulia. Lakini tangu mrudi Unguja baada ya Idi sipati usingizi, na sababu unaijua. Mtoto ana miaka miwili na nusu. Siku tano nilizokaa naye sikumsikia neno ila "mama" na ule wimbo wa namba wa Kiingereza, anaouimba bila kumtazama mtu. Umempeleka kupimwa masikio? Hilo nijibu kwanza.

Sisemi humlei. Ghorofa ya tatu Michenzani, mumeo zamu za hoteli Nungwi, wewe unasomesha mpaka mchana, ukirudi kuna kupika na madaftari ya watoto wa watu. Akilia, jirani anagonga ukuta. Unampa simu anyamaze, wali usiungue. Hapa kwetu mtoto akilia hupokewa, kama si shangazi yake ni bibi wa nyumba ya pili. Huko hana wa kumpokea ila wewe, na simu ndiyo imekuwa yaya. Tabu hiyo naiona. Na najivunia, wallahi, nikisikia watu wanakuita mwalimu. Lakini wako nani anamfundisha kusema?

Muuguzi wa kituo chetu kanieleza kuwa Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto ambaye hajafika miaka miwili asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndiyo bora. Wewe ulimpa tangu anatambaa. Mtoto hujua kusema kwa kujibiwa. Akisema "ba", ukamwambia "ee, baba kaenda kazini", kishapata neno. Simu haimngoji, inasema yake inapita. Tukionana naye kwa video sikatazi, kwa sababu pale namjibu.

Usinitajie tivii, kwamba nami niliitumia. Umeme wa Tanga ulipovuka bahari 2010, tukapumzika na ule wa majenereta ya Wesha, nilikuwa nikimwacha mdogo wako mbele ya tivii mchana kutwa, nami niko jamvini nachambua karafuu na makonyo. Naye alichelewa kusema. Watu wakiuliza nawaambia wa kiume huchelewa. Hivyo nikisikia maneno hayo hayo kinywani mwako, nayajua yalikotoka.

Usimnyang'anye kwa siku moja, atakushinda kwa kilio. Anza na chakula: simu kabatini, yeye umkalishe jikoni na sufuria na upawa, umtajie hiki kitunguu, hii chumvi. Usiku mpigie paukwa, hata asipoitikia pakawa. Jioni mshushe chini acheze na wenziwe. Na kupimwa, mwanangu. Hospitali ya Mnazi Mmoja si mbali na hapo kwako, usingoje likizo.

Mtoto wa mjomba wako atapanda boti Mkoani keshokutwa, nimempa kapu: halua, majimbi na ng'onda. Ng'onda waanike tena, mvua iliwakuta. Baba yako anataka bati tatu za banda la kuku, lakini lipia kwanza nauli ya hospitali, kuku watangoja. Kapu lirudishe, ni la mama yako mkubwa. Siku utakayompima nipigie siku hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Mama yako