Ramani ya Hanang iko tayari

Habari za jioni wanakikundi. Ramani ya Mlima Hanang nimeshaichapisha. Ni ya skeli 1:50,000, yaani sentimita 2 za karatasi ni kilomita 1 ardhini. Msidanganyike na huo ufupi wa njia kwenye karatasi! Tazameni kontua (mistari ya mwinuko; ikibanana, mlima ni mkali) zilivyo juu ya msitu, kuelekea kilele: zimebanana kama meno ya kitana. Hapo ndipo magoti yatalia, maana kilele kinapita mita 3,400. Ila ramani ni ya zamani, kabla ya maporomoko ya tope yaliyoikumba Katesh, mji ulio chini ya mlima, Desemba 2023, kwa hiyo makorongo yaliyochorwa msiyaamini sana, tutamfuata mwongozaji. Nakala zipo kwangu Area C, hapa Dodoma. Mwenye folda ya plastiki aje nayo, karatasi ikilowa tumekwisha. Safari tunapitia Kondoa na Babati.