Ati nawapimia machozi kwa sindano

Mama Mshauri,

Ni saa tisa za usiku na usingizi umekataa. Unazijua AVEC zetu hapa Goma, hivi vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, sina haja ya kueleza: sanduku moja, kufuli tatu, wanawake watatu kila mmoja na ufunguo wake, ndani vifuko viwili, cha hisa na cha mshikamano. Mimi nahesabu cha mshikamano. Tuko 25, kila mtu franga 1,000 kila Alhamisi, mwezi ukitimia ni 100,000. Maombi ya mwezi huu yalipita mara tatu ya hiyo.

Yaya, dada yangu mkubwa, alisimama mbele ya wote akasema: “Weye unatupimiaka machozi na sindano.” Watu wakacheka.

Alifiwa na baba mkwe, akaomba 50,000. Sheria tuliyoipigia kura mwanzo wa mzunguko inasema 50,000 kwa mzazi, mume au mtoto. Mkwe hakuandikwa. Tukampa 20,000. Nasema tukampa, mikono iliinuka, ingawa ni kweli mimi ndiye niliyesema kwanza. Matanga ya wiki ya kwanza hayakosi mkono: kanisa linaleta, majirani wanaleta, ukoo unaleta, na franga ya mwisho kufika inaishia kwenye maharagwe na kukodi viti. Njaa ya mfiwa inakuja mwezi wa pili, viti vikisharudishwa, wakati hakuna tena anayepita na bahasha. Nilitaka tumkumbuke wakati huo. Hilo nalo ni kupima machozi?

Sindano yenyewe ni ile ya klorini. Nilitenga 25,000: kilo moja ya klorini ya unga, mabomba mawili ya sindano yasiyo na ncha, ya kupimia, ndoo ya plastiki yenye kifuniko. Mji wetu umekaa juu ya mawe ya volkano, kuchimba kisima au choo ni kazi, watu wanachota ziwani, na kolera ya 1994 hatujaisahau. Gramu 15 za unga wa asilimia 70 katika lita moja ya maji, hiyo ndiyo dawa mama. Mililita 4 kwa bidoni ya lita 20, tikisa, ngoja nusu saa. Maji yakiwa na tope, klorini inaliwa na tope, kwa hiyo unachuja kwa kitambaa kwanza, unaongeza kidogo, na unapima iliyobaki kabla ya kuruhusu mtu anywe. Dawa mama haikai, inatengenezwa kila asubuhi, na unga hauwekwi kwenye kopo la chuma wala karibu na jiko. Kilo moja namna hiyo inahudumia zaidi ya bidoni 16,000. Nionyeshe sahani ya maharagwe inayofanya hivyo.

Minervali, yaani karo, ya yatima wa sekondari nimeiahirisha mpaka mitihani ikaribie, maana ndipo shule inapofukuza kweli. Najua inasikika vibaya. Na 15,000 haziguswi, kwa sababu kifuko kitupu ndicho kinachopeleka watu kwa wakopeshaji.

Zinabaki 40,000 za yule mama aliyejifungua kwa kupasuliwa, hospitali imemzuia kwa deni. Ukilipa kidogo bila mapatano umetupa: haachiwi, na kila usiku kitanda kinaandikwa, mchango unaliwa na kitanda. Unaanza kwa kuomba fakture, hesabu ya deni yenye kila mstari, maana mara nyingine mnakuta dawa ambazo familia ilinunua yenyewe nje. Unamwona anayehusika na wagonjwa wasio na uwezo, unaomba kupunguziwa, kisha karatasi ya kukubali deni yenye tarehe na mdhamini. Pesa inaingia kasa ya hospitali, si mkononi mwa shemeji, na risiti inabeba jina la mgonjwa. Yote tumeyafanya. Wamekubali 40,000 sasa, iliyobaki kwa miezi mitatu, na mdhamini ni mimi.

Na hapo ndipo ilipokwama. Yaya ana ufunguo wa pili. Tangu siku ile ya sindano haji, ufunguo hautumi, simu hapokei. Tangu mabenki yafungwe hapa Januari 2025 sanduku ndilo benki yetu, hakuna mahali pengine pa kuchota. Zile 55,000 zimelala ndani pamoja na hisa za watu, na kitanda kinaandikwa.

Mimi sitafuti kupendwa. Nimechoka, natamani niurudishe ufunguo wangu wamtafute mwingine. Lakini huyo mwingine atagawa 5,000, 5,000 kila mlango ili asichukiwe, na hakuna atakayeponywa na 5,000. Kwa hiyo siurudishi. Wala siendi kwa yaya kuomba msamaha, kwa kosa gani? Ingawa kama ningesema kwake nyumbani kwanza, kabla ya mkutano, pengine asingesimama vile. Mbele ya watu wote, Mama. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni.

Wengine wanasema tukate kufuli lake mbele ya mashahidi, tuandike kwenye daftari, tutoe 40,000 tufunge tena. Sheria yetu haisemi lolote kuhusu mwenye ufunguo aliyesusa. Nikubali? Au niende kwake kwanza na zile 30,000 alizokosa, kutoka mfukoni mwangu, bila kikundi kujua?

Kufuli lake ni dogo, msumeno wa chuma haulisumbukii. Leo ni Alhamisi, tunakutana saa nane.

Mwenye ufunguo wa tatu,
Goma