Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: zile wiki mbili kabla ya kisu

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa,
Mwanza.

YAH: USIMAMIZI WA PRESHA KWA WAGONJWA WENYE UVIMBE WA TUMBONI UNAOMWAGA HOMONI

Daktari, kwa umri wangu ilikuwa zamu yako kunipa shikamoo, ila cheo kina heshima yake, basi naanza mimi kukusalimu. Mimi ni muuguzi mstaafu. Sehemu kubwa ya kazi yangu ilipita thieta, upande wa usingizi, humu humu Kanda ya Ziwa. Nakuandikia hadharani badala ya kupitia masijala kwa sababu jambo hili linawahusu pia wauguzi wa zahanati, wauza dawa na ndugu wa wagonjwa, na hao hawasomi mafaili ya mkoa.

Ombi langu ni moja. Mgonjwa akishagundulika ana feokromositoma au paraganglioma, siku anazosubiri upasuaji akiwa nyumbani zihesabiwe kuwa sehemu ya upasuaji, na zahanati ya kwao ipewe kazi rasmi ya kumsimamia. Kwa sasa siku hizo hazina mwenyewe. Bingwa anaandika dawa na kupanga tarehe, mgonjwa anapanda meli kurudi Nansio kisiwani Ukerewe, na kuanzia hapo hadi siku ya kulazwa hakuna anayejua presha yake inasemaje.

Kwa wasioujua ugonjwa wenyewe: juu ya kila figo kuna kitezi kiitwacho adrenali, na kiini chake hutengeneza adrenalini na noradrenalini, homoni zinazoufanya moyo uende mbio mtu akishtuka. Uvimbe ukiota humo ni feokromositoma. Ukiota nje ya tezi, mara nyingi tumboni karibu na mshipa mkuu wa damu, ni paraganglioma. Kazi yake mbaya ni kumwaga homoni bila mtu kushtuliwa na chochote. Mama ameketi zake anachambua mchele, ghafla kichwa kinamgonga, jasho linamtoka hadi kanga inaloa, moyo unamwenda mbio, uso unapauka. Mpime dakika hiyo utakuta 220 kwa 130. Mpime baada ya nusu saa, 130 kwa 85, na aliyepima mwanzo anaambiwa mashine yake mbovu. Wengi huishia kuambiwa wana presha ya kupanda na kushuka. Wengine hupelekwa kuombewa, na wengine kwa bibi wa kuchua tumbo. Huyo wa mwisho ndiye hunitia hofu zaidi, maana kuukandamiza uvimbe huo kwa mikono kunaweza kuufanya umwage homoni kwa mkupuo.

Ni ugonjwa adimu, nakubali. Makadirio yanayotumika duniani ni wagonjwa wapya wawili hadi wanane kwa mwaka katika kila watu milioni moja. Sensa ya 2022 ilituhesabu mkoani watu takriban milioni 3.7. Kama makadirio hayo yanatufaa, tunazungumzia watu kati ya saba na thelathini kwa mwaka, achilia mbali wanaoletwa hospitali ya rufaa ya Bugando kutoka Geita, Mara, Simiyu na Kagera. Idadi hiyo haiwezi kuvuruga bajeti yako. Ni ndogo kiasi kwamba mkoa unaweza kumfuatilia kila mmoja kwa jina.

Kuhusu thieta sina neno kubwa. Nimekaa kichwani pa wagonjwa hawa na najua kinachotokea. Daktari wa upasuaji anaugusa tu uvimbe, namba ya juu kwenye monita inaruka kutoka 140 hadi 240 kabla hujamaliza kumwambia asimame kidogo. Akishaufunga mshipa unaotoa damu kwenye uvimbe, mambo yanageuka: homoni imekatika ghafla, mishipa inalegea, presha inaporomoka, na saa chache baadaye sukari nayo inaweza kushuka. Wataalamu wetu wa usingizi wanayajua haya. Wanajua hata kwamba magnesiamu salfeti, ileile ya kifafa cha mimba iliyojaa wodi za wazazi, husaidia kutuliza miruko hiyo. Lakini hakuna dawa ya thieta inayoweza kufidia mgonjwa aliyeletwa mezani bila kuandaliwa. Daktari wa upasuaji César Roux aliutoa uvimbe huu kule Lausanne, Uswisi, mwaka 1926, na Charles Mayo akafuata Marekani mwaka 1927, wote bila dawa tulizo nazo leo. Walibahatika, na wagonjwa wao zaidi. Taarifa za miaka ya zamani zinataja vifo vya wagonjwa zaidi ya wawili kwa kila kumi. Siku hizi hospitali zenye uzoefu hupoteza chini ya watatu kwa mia, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni vidonge ambavyo mgonjwa anavimeza kwao, kabla hata hajavaa gauni la thieta.

Vidonge hivyo ni vya kuzuia alfa: doksazosini, prazosini au fenoksibenzamini. Vinaanzwa angalau siku 7 hadi 14 kabla ya upasuaji, kwa dozi ndogo inayopandishwa polepole, hadi presha ya mgonjwa aliyeketi iwe chini ya 130 kwa 80, na akisimama ile ya juu isiwe chini ya 90. Moyo ukiendelea kwenda mbio baada ya hapo, ndipo huongezwa dawa ya kuzuia beta kama propranololi au atenololi. Mpangilio huu haugeuzwi. Adrenalini na mwenzake hukaza mishipa ya damu kupitia vipokezi vya alfa, yaani sehemu zinazopokea amri ya homoni. Kupitia vya beta huharakisha moyo, na pia hulegeza baadhi ya mishipa. Ukiziba beta peke yake umeondoa ule ulegevu kidogo uliokuwepo, na umeiacha alfa ikaze itakavyo.

Nilimwona mama mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka visiwani ambaye alianzishiwa doksazosini vizuri kabisa. Vidonge vikamwishia kabla ya tarehe. Akaenda kituo cha karibu, wakakuta moyo unamwenda mbio na presha iko juu, wakampa walichokuwa nacho: propranololi. Kwa mgonjwa mwingine wa presha ningewatetea. Yeye alitufikia akihema, mapafu yamejaa maji, na upasuaji ukasogezwa mbele. Simlaumu aliyempa. Kwenye kadi yake palikuwa na jina, umri, kijiji na tarehe ya kurudi. Hapakuwa na mstari hata mmoja wa kumwonya mtu.

Hapo ndipo ilipo kazi yako, Daktari, kwa sababu zahanati na vituo vya afya viko chini ya uangalizi wa mkoa, na mambo yanayoharibika katika wiki hizo ni madogo madogo ambayo bingwa aliyeko mjini hawezi kuyaona.

Chukua suala la chumvi. Kila kliniki ya presha kuanzia Magu hadi Misungwi inafundisha watu wapunguze chumvi, na ni mafundisho sahihi. Mgonjwa wetu huyu anaambiwa kinyume: kuanzia siku ya pili au ya tatu ya kizuia-alfa aongeze chumvi na anywe maji mengi, labda awe na moyo au figo zilizochoka. Mishipa yake imekazwa kwa muda mrefu, damu iliyomo imepungua. Ikilegezwa bila kujazwa, ataanguka akisimama. Sasa anarudi kijijini, muuguzi wa zahanati anamkuta anakula dagaa wa chumvi na presha yake iko kwenye daftari, anamgombeza mbele ya watu. Nani atamsikiliza mgonjwa anayejitetea kwamba daktari wa mjini ndiye aliyesema? Anaacha chumvi. Siku mbili baadaye anadondoka njiani akielekea chooni, familia inahitimisha kwamba vidonge ndivyo vinavyomwua, na vidonge vinaachwa pia.

Au chukua pua. Dawa za kuzuia alfa huziba pua. Sisi wa thieta tulikuwa tunafurahi mgonjwa akija anaongea kwa puani, tulijua dawa inafanya kazi. Yeye hajui. Anadhani ni mafua, anakwenda duka la dawa muhimu, anauziwa vidonge vya kufungua pua vyenye pseudoefedrini, dawa ambayo kazi yake ni kukaza mishipa ileile tuliyohangaika kuilegeza. Na akienda kituoni kwa sababu ya kichefuchefu, kuna sindano ya metoklopramidi inayotolewa karibu kila mahali bila kufikiri mara mbili, nayo inaweza kuuamsha uvimbe. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, vivyo hivyo.

Hakuna mwenye nia mbaya katika mnyororo huu wote. Kinachokosekana ni karatasi moja.

Kwa hiyo nakuomba uagize kila mgonjwa wa namna hii aondoke hospitali ya rufaa na kadi ya rangi ya kuonekana, yenye maandishi makubwa ya Kiswahili: asipewe kizuia-beta kabla ya kizuia-alfa, asichomwe metoklopramidi, asiuziwe dawa ya kufungua pua, asichuliwe tumbo, chumvi ameruhusiwa na daktari. Chini yake ziwepo namba mbili za simu, ya zamu ya upasuaji na ya mfamasia. Pamoja na kadi iende barua ya rufaa ya kurudi, inayomtaja kwa cheo muuguzi wa zahanati atakayempokea. Tunajua sana kuandika rufaa za kwenda. Za kurudi tunaziona kama usumbufu.

Huyo muuguzi kazi yake si ngumu. Kila siku, mgonjwa akae dakika tano, apimwe. Asimame, apimwe tena baada ya dakika moja hadi tatu. Namba zote ziandikwe kwenye daftari la kawaida la shule, pamoja na mapigo na kama kulikuwa na kizunguzungu. Jioni mtu apige picha ya ukurasa na kuutuma kwa simu kwa bingwa, ambaye ndiye atapandisha dozi. Zahanati ikifungwa Jumamosi na Jumapili, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apite na mashine nyumbani. Mashine iwe na betri, na mkanda uenee mkono wa mgonjwa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene unatoa presha ya uongo, na hapa presha ya uongo inaongeza dozi ya kweli.

Dawa nayo isiwe ya kubahatisha. Doksazosini na prazosini si dawa ngeni, wazee wenye tezi dume hupewa. Naomba hospitali moja mkoani iwe na akiba ya kizuia-alfa iliyotengwa kwa kundi hili, na mgonjwa apewe ya muda wote wa kusubiri na ziada ya wiki moja, kwa sababu meli huahirishwa na tarehe za upasuaji husogezwa. Hapa najua mtu wa stoo ataguna kwamba vidonge vya mgonjwa mmoja vitamwishia muda rafuni. Bora vidonge viishiwe muda kuliko mgonjwa.

Kuna watakaosema dawa ya haya yote ni kumlaza mgonjwa mjini wiki mbili. Anayeweza alazwe, hasa mwenye presha isiyoshikika. Lakini mvuvi wa Ukara au mkulima wa Kome aliyelazwa wiki mbili akisubiri tu, nje ana ndugu anayemletea chakula na kulala kwenye veranda ya mtu Buzuruga, na nyumbani hakuna anayeingiza senti. Nimeona wakitoroka wodi kwa sababu hiyo, si kwa kuogopa kisu. Zahanati iliyo umbali wa kutembea inamweka kwenye matibabu bila kuifilisi nyumba.

Mambo mawili nayataja kwa haraka, maana hayamhusu aliyegundulika bali yule ambaye bado. Mjamzito mwenye presha ya kuruka kabla ya wiki ya 20, na kichwa, na jasho, asiandikiwe moja kwa moja kifafa cha mimba kinachoanza. Kliniki za wajawazito zinapima presha kila hudhurio, zina nafasi nzuri ya kumwona mapema. Na kwa kuwa takriban theluthi moja ya uvimbe huu, au zaidi, hutokana na kasoro za kurithi, wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa waitwe wachunguzwe. Kipimo chenyewe ni cha metanefrini, mabaki ya homoni hizo, kwenye damu au kwenye mkojo wa saa 24, na majibu yatoke kabla mtu hajathubutu kuchoma sindano ya kunyofoa kinyama kwenye uvimbe wowote wa juu ya figo ulioonekana kwenye CT skani.

Nashauri muanze na Ukerewe na visiwa vya Buchosa, ambako maji yanatenganisha mgonjwa na bingwa, kisha mwone namba za miezi michache kabla ya kwenda Kwimba na kwingineko. Timu yako ya mkoa ikiwa tayari kuwaita wauguzi wa zahanati hizo, mimi nitakuja kuwaonyesha namna ya kupima mtu ameketi na amesimama, na nauli nitajilipia. Nimeshaandaa pia mfano wa kadi na wa daftari. Nitaviacha kwa katibu wako, na mkivirekebisha sitanuna.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi mstaafu wa thieta,
Nyegezi, Mwanza.

Nakala: Waganga Wakuu wa Halmashauri zote za Mkoa wa Mwanza.
Nakala: Wafamasia wa wilaya, kwa ajili ya maduka ya dawa muhimu.